Kaka alinisomesha nikae ofisini, mimi nataka kutunza bustani

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu wala mahali ninapoishi, kwa sababu wifi yangu husoma safu hii na huwa anamsimulia kaka.

Nina miaka 28, sijaolewa. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, na kaka yangu mkubwa ndiye aliyebeba nyumba nzima. Aliacha masomo yake njiani ili mimi na mdogo wetu tusome. Nilipomaliza stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, ni yeye tena aliyezungumza na rafiki yake nikapata kazi ninayofanya mpaka leo. Kazi yangu ni mafaili: kuyapokea, kuyapanga, kuyaingiza kwenye kompyuta, kulitafuta lililopotea. Sinyanyaswi. Mshahara si mkubwa lakini hauchelewi. Sehemu yake huenda kwa mama kwa ajili ya dawa za presha, na nyingine kwenye ada ya mdogo wangu, ambaye amebakiza mwaka mmoja chuoni.

Karibu na ofisi kuna bustani kubwa ya umma. Mwanzoni nilikuwa naenda kula chakula cha mchana tu na kukimbia kelele za ofisini. Siku moja nilimkuta mzee mmoja wa bustani akishughulika na tawi nene lililoinamia benchi. Nilidhani atalikata mara moja liishe. Akaanza kwa kulikata upande wa chini, kidogo tu, kama robo ya unene wake. Kisha akasogea nje kidogo, akakata kutoka juu, na tawi likaanguka lenyewe bila kuchana kitu. Kikabaki kisiki kifupi. Nacho akakikata, karibu na shina lakini bila kulilamba shina lenyewe: aliuacha ule uvimbe mdogo wa gome pale tawi linapoungana na mti.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akasema tawi likikatwa kutoka juu peke yake, uzito wake hulishusha kabla halijakatika sawasawa, na likishuka linaondoka na gome la shina mpaka chini. Na ule uvimbe, akasema, ndio unaofunga kidonda. Ukiukata, mti unaanzia kuoza hapo. Nikamuuliza mbona hapaki rangi wala lami. Akacheka, akasema mti unajua kujifunga wenyewe.

Shangazi, nilirudi ofisini nimechelewa na mafaili yalikuwa yananingoja, lakini akili yangu ilibaki kwenye ule mti. Tangu hapo nimekuwa nikimtembelea yule mzee kila nikipata nafasi. Amenionyesha namna ya kuchukua vipandikizi, namna ya kujua udongo umeshindiliwa kwa kuuchoma tu na chuma chembamba, kwa nini matandazo hayatakiwi kugusa shina la mti. Nyumbani nimejaza makopo ya miche mpaka mama analalamika hana pa kuanikia nguo.

Yeye ndiye aliyeniambia kuna nafasi za uanagenzi wa utunzaji wa bustani za umma. Ni miaka miwili, unafanya kazi huku unasoma, na mwisho unapata cheti. Niliomba bila kumwambia mtu. Nilidhani wataniona mzee. Nikaitwa kwenye usaili, na sasa nimepata barua kwamba nimekubaliwa. Natakiwa kujibu kabla mwezi haujaisha.

Posho ni kama theluthi ya mshahara wangu wa sasa. Nina akiba kidogo, inaweza kunishikilia kwa muda. Lakini kinachoninyima usingizi ni kaka. Kuna siku tukiwa mezani nilisema kwa utani, "Itakuwaje nikiacha ofisi nikawa mtunza bustani?" Akacheka, akasema, "Sikukusomesha uje ufagie majani ya watu." Wote walicheka, hata mimi nikacheka. Lakini nilielewa. Na rafiki yake aliyenitafutia kazi nitamtazama vipi?

Nimefikiria nianze kimyakimya. Nikishafika mbali kidogo, nikiwa na kitu cha kuonyesha, ndipo nimwambie. Pia naambiwa wanagenzi wenzangu watakuwa vijana waliotoka shule juzi, na mmoja wa wasimamizi ni mdogo kwangu kwa umri. Nilikuwa na kifua tangu utotoni na mpaka leo natembea na dawa ya kuvuta msimu wa vumbi, ila hilo si jambo la kunizuia.

Je, nikifanya hivi ni utovu wa shukrani? Na nikiacha ofisi, mambo yakigoma, nitaweza kurudi?

Binti yako,
Nina barua mkononi

*

Marahaba, binti yangu. Usiwe na wasiwasi, jina lako nimeliona mimi tu, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili wifi yako akisoma asikutambue kirahisi.

Umeniuliza kuhusu shukrani, lakini sehemu nono ya barua yako ni tawi la mti. Hilo sikulipuuza. Kwa nilivyokuelewa, una kazi isiyokuumiza na isiyokufurahisha, umepata nafasi ya kujifunza kazi inayokuvuta, posho yake haifiki hata nusu ya unachopata sasa, na kati yako na nafasi hiyo amesimama mtu unayempenda ambaye hujamwambia lolote. Kama nimekosea, nisahihishe.

Lakini naomba nianze na kile ulichokipitisha mwishoni kama mtu anayepitisha mzigo mlango wa nyuma: kifua chako. Unasema si jambo la kukuzuia. Nani amekuambia? Huenda ni kweli. Wapo watu wengi wenye pumu wanaofanya kazi za bustani na wanazeeka nazo. Ila wanaofanikiwa ni wale wanaojua kinachowachokoza.

Watu hulaumu maua. Maua ya rangi kali na harufu nzuri huchavushwa na nyuki na vipepeo, na chavua yake ni nzito, inanata, hairuki mbali. Wasumbufu zaidi ni nyasi na miti inayotegemea upepo, ambayo maua yake hata huyaoni, na chavua yake nyepesi huelea hewani masafa marefu. Sasa jifikirie wiki nzima uko nyuma ya mashine ya kukata nyasi. Kuna mboji pia. Mfuko uliokaa umefungwa siku nyingi, ukiufungua huku umeuinamia, unaweza kuvuta vumbi la ukungu na wakati mwingine bakteria wanaoshambulia mapafu. Ndiyo maana wanaoijua kazi huilowesha mboji kwanza, huvaa barakoa na huufungua mfuko penye hewa. Halafu kuna dawa za kuua magugu na wadudu. Ufaransa ilizuia kuanzia mwaka 2017 viuatilifu vingi vya kemikali kutumika kwenye bustani za umma, lakini kwingine bado watu wanabeba bomba mgongoni. Uliza huko unakokwenda wanatumia nini, nani anapulizia, na kama mwanagenzi hufundishwa na kupewa kinga kabla ya kushika bomba.

Kabla ya yote hayo nenda kwa daktari anayekijua kifua chako. Na usimwambie tu "nataka kufanya kazi ya bustani", maana atafikiria maua ya dirishani. Mwambie nyasi, vumbi, moshi wa injini, mboji, jua la mchana na baridi ya alfajiri. Akikuambia nenda, utakwenda ukiwa na mpango. Akisema hapana kwa mashine fulani, huenda bado kuna nafasi kwenye kitalu au kwenye miti. Jibu lake huenda lisikufurahishe, lakini ni afadhali ulipate sasa kuliko kulipata ukiwa umeshaacha mshahara.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nakuuliza bila kukukatisha tamaa: umeupenda mti, au umempenda yule mzee anavyoujua mti?

Siulizi kwa utani. Aliyokuonyesha ni ujuzi wa kweli. Hata lile la kutopaka lami lina historia. Kwa miaka mingi watunza miti walipaka vidonda vya miti rangi na lami wakiamini wanatibu. Mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani aitwaye Alex Shigo alipasua miti kwa maelfu akichunguza ndani, akaonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi yetu inavyopona. Hujenga kuta kuzunguka sehemu iliyoharibika, kisha huendelea kukua nje yake. Ule uvimbe wa gome ni sehemu ya kinga hiyo. Mzee anayelijua hilo hakuishia kwenye alichokariri ujanani, na mwalimu wa aina hiyo hapatikani kila kona. Lakini je, yeye ndiye atakayekufundisha? Barua yako ya kukubaliwa inamtaja? Umesema ni mzee; huenda anastaafu kabla hujamaliza. Usije ukaacha kazi kwa ajili ya mwalimu mmoja, ukifika ukakuta nyapara ambaye hata jina lako hakumbuki.

Na siku za kukata tawi kwa mikato mitatu ni chache. Siku nyingi bustani ya umma huanza na takataka. Chupa, mifuko, kinyesi cha mbwa, vioo vilivyovunjwa usiku, wakati mwingine sindano. Kisha nyasi, na nyasi hazingoji mtu awe na hamu: ukiziacha zikarefuka halafu ukazifyeka mpaka chini kwa mara moja, zinakuwa za manjano, kwa hiyo wanaojua huondoa si zaidi ya theluthi ya urefu kila wanapokata, maana yake unarudi tena na tena. Kumwagilia ni alfajiri, kabla jua halijanyonya maji. Palizi haiishi. Msumeno wa mashine hupiga kelele inayopita desibeli 100, na masikio huanza kuhitaji kinga kwenye 85; mtetemo wa mashine ukizidi kwa miaka hufanya vidole vife ganzi na kugeuka vyeupe. Uliza kuhusu viziba masikio, glavu, buti, miwani, na nani anavinunua. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda pia, maana mikono yako itakuwa kwenye udongo na miiba kila siku.

Lakini kinachowatoa watu kwenye kazi hii, nadhani, si uzito wake. Ni watu wengine. Miche yako ya nyumbani huguswa na wewe tu. Bustani ya umma ni ya kila mtu, na kila mtu ana njia yake ya mkato. Utapanda nyasi pembeni ya njia, watu watakatiza hapo hapo kila asubuhi wakiwahi kazini, udongo utashindiliwa mpaka maji hayaingii, nyasi zitakufa, utapanda tena. Wapo watunza bustani wanaoweka kamba, wakaweka kibao, wakagombana na kila mpita njia. Wapo wengine ambao baada ya muda hukubali kwamba watu wamewachorea ramani, wakatengeneza njia pale pale. Utang'olewa maua kwa ajili ya kupigia picha. Watoto watabembea kwenye mti uliouotesha mwenyewe. Je, unaweza kukipenda kitu ambacho wengine wana haki nacho sawa na wewe? Mimi sijui. Jaribu kukaa pale bustanini siku ya mapumziko, saa za jioni umati ukiwa mkubwa, uangalie moyo wako unafanya nini.

Kuhusu uanagenzi: neno hilo linabeba mambo mengi, na mengine si mazuri. Upo uanagenzi ambao ni mafunzo, na upo ambao ni kufagia kwa bei nafuu kwa miaka miwili. Barua ya kukubaliwa haikuonyeshi ni upi. Omba kuuona mkataba. Siku ngapi kwa wiki ni za darasani? Utazungushwa sehemu zote, yaani kitalu, vitanda vya maua, nyasi, miti, mifereji ya umwagiliaji, au utawekwa mahali pamoja? Cheti hicho kinatambuliwa na nani, na kinakuruhusu kuomba kazi gani baadaye? Nani anabeba gharama ukiumia kazini? Kisha watafute watu wawili: mmoja aliyemaliza, na mmoja aliyeacha katikati. Huyo wa pili ndiye atakayekuambia usichoambiwa kwenye usaili. Kuuliza si ujinga, na mahali panapokasirika ukiuliza mkataba pamekujibu tayari.

Moja ya vitu utakavyokutana navyo kama mafunzo ni ya kweli ni mtihani wa kutambua mimea. Meza imepangwa vitawi, kila kimoja kwenye chupa yake, hakuna lebo, na wewe unatakiwa kuandika jina la kisayansi la kila kimoja, sehemu zote mbili kwa utaratibu alioujenga Carl Linnaeus kwenye kazi yake ya mwaka 1753, pamoja na familia yake. Vijana wengi wanatetemeka hapo. Wewe miaka yote hii umekuwa ukipanga vitu kwa majina na namba, kwa hiyo nakuona ukitabasamu. Bustani inayoendeshwa vizuri ina kumbukumbu kuliko watu wanavyodhani: kila mti mkubwa na namba yake, tarehe ulipokaguliwa, tawi gani lilionekana limeoza, nani alipulizia nini na lini. Kwa hiyo nikikusikia ukisema stashahada yako itapotea bure, sitakubaliana nawe haraka.

Ila kuna mtego hapo. Wakishagundua unajua kompyuta na mafaili, kuna bosi atakayefurahi kupita kiasi. Miezi sita baadaye utajikuta ndani ya kibanda cha bustani unaandika ripoti, mashine zinanguruma nje na wengine wanapogoa. Sema mapema kwamba umekuja kujifunza kazi ya nje.

Sasa kaka.

Unasema ulielewa. Ulielewa nini? Ulimtupia utani, akakurudishia utani, na wewe ukaubeba kama hukumu. Inawezekana kabisa ndiyo hukumu. Simjui kaka yako, na sitajifanya kuusoma moyo wake kutoka kwenye sentensi moja ya mezani. Lakini mtu aliyeacha masomo yake ili wengine wasome anaweza kuyasema maneno yale kwa sababu nyingi. Huenda anaona aibu ya kazi ya mikono. Huenda anaogopa kwamba mambo yakikuharibikia ni yeye tena atakayebeba mzigo, na amechoka, na hana wa kumwambia amechoka. Huenda kuna kitu yeye mwenyewe alitamani kukisomea na hajawahi kukitaja, na kukuona ukiichezea nafasi ambayo yeye hakuipata kunamchoma. Kila sababu kati ya hizo ina mazungumzo yake tofauti. Ukimjibu wa aibu kumbe ni wa hofu, mtagombana bila kukutana.

Nadhani pia unajua kwamba deni la namna hii halina risiti. Hakuna atakayekuambia limelipwa kiasi gani. Wapo wanaolilipa kwa kutii maisha yao yote, na baadhi yao wana amani, sitawacheka. Wapo wanaolilipa kwa kuwasomesha wadogo, kwa kumtunza mama, kwa kuwepo siku ya shida. Wewe tayari unafanya hayo. Swali ambalo ningependa umuulize yeye, si mimi, ni kile alichotaka upate alipokusomesha: ofisi yenyewe, au usalama ambao ofisi inaleta? Kama ni usalama, hapo mna la kuzungumza, na mkataba wa mafunzo na cheti vitakuwa na maana mezani. Kama ni ofisi, itauma, na itabidi uamue ukijua inauma.

Kuhusu kuanza kimyakimya, nakuomba ufikirie jambo moja dogo. Kazi ulitafutiwa na rafiki yake. Siku unayowasilisha barua ya kuacha, huyo rafiki atajua kabla jua halijazama, na simu itapigwa. Kwa hiyo siri unayoipanga huna. Ulicho nacho ni uchaguzi wa nani atakuwa wa kwanza kumwambia. Akiyasikia kwa mtu mwingine, hatakasirikia bustani tena, atakukasirikia wewe kwa kumficha, na hapo hata hoja nzuri haisikiki. Sisemi hivyo kukulazimisha uende kwake kesho. Zipo familia ambazo kumwambia mkubwa kabla ya kuamua ni kumkabidhi uamuzi, na wewe ndiye unayeijua yako. Unaweza kuanza na mama. Ingawa analalamikia makopo yako, hajayatupa. Unaweza kumpeleka kaka bustanini siku ya mapumziko bila hotuba, akaongee na yule mzee mwenyewe.

Pesa ni jambo gumu kuliko umri, na wewe umeliandika kwa mstari mmoja. "Inaweza kunishikilia kwa muda." Muda gani? Kaa na karatasi. Theluthi ya mshahara itoe nauli na chakula chako, uone kilichobaki kwa dawa za mama. Mdogo wako amebakiza mwaka mmoja wa ada, na mwaka huo unaangukia mwaka wako wa kwanza wa uanagenzi. Hapo ndipo panapobana. Uliza kama posho huongezeka mwaka wa pili. Kwenye programu nyingi huongezeka, lakini usikisie. Na usiitumie akiba yote kwenye hesabu, kwa sababu kuna wiki utaumwa au mashine itakukwaruza.

Hapo ndipo wazo la kuahirisha linapoingia. Unaweza kuwaandikia kuwaomba wakuwekee nafasi mpaka kundi lijalo, mdogo wako akiwa amemaliza. Wengine wanakubali. Hatari yake ni kwamba wanaweza kukataa na nafasi ikaenda, na hatari nyingine ni wewe mwenyewe: mwaka ni mrefu, ofisi ina namna yake ya kukumeza, na hamu isiyolishwa hupoa. Njia nyingine ni kutumia likizo yako kujitolea pale bustanini. Utaujua mgongo wako na kifua chako vizuri zaidi. Lakini mtu wa kujitolea kwa kawaida hapewi msumeno wala hawekwi kwenye mvua, na wiki chache hazikuonyeshi kiangazi. Njia ya tatu ni kuomba likizo bila malipo badala ya kuacha moja kwa moja. Ni ofisi chache zinazotoa ndefu kiasi hicho, ila gharama ya kuuliza ni ndogo. Kwenda sasa hivi nako kuna faida yake: una nafasi mkononi, una mwili wenye nguvu, una mwalimu ambaye bado yupo. Na kubaki si kosa. Unaweza kubaki na mafaili, ukawa na kitalu chako nyumbani, ukauza miche. Hatari ya kubaki ni ile ambayo huijui mpaka miaka ipite, na mimi sina kipimo chake.

Umri sina mengi ya kusema. Utachokozwa na vijana wiki ya kwanza, kisha watakuomba uwasaidie kuandika kazi zao za darasani. Msimamizi mdogo kwako kwa umri ni msimamizi. Mpe heshima ya kazi naye atakupa yako. Frederick Law Olmsted, aliyesimamia ujenzi wa Central Park kule New York, alipewa kazi hiyo mwaka 1857 akiwa na miaka 35, baada ya kuwa karani, baharia, mkulima na mwandishi wa magazeti. Watu wakitaka kukutia moyo watakutajia huyo. Wasichokuambia ni kwamba alikuwa na baba mwenye uwezo aliyekuwa akimtolea pesa kila jambo lilipokwama. Wewe wanakutegemea watu, humtegemei mtu, na hesabu zako lazima ziwe tofauti na zake.

Kuhusu kurudi ofisini, siwezi kukuahidi, na anayekuahidi anakudanganya. Ninachojua ni kwamba mlango wa kurudia hutegemea sana mtu alivyotoka. Ukitoa taarifa kwa muda unaotakiwa, ukamfundisha atakayechukua nafasi yako, ukaacha mafaili yako yanaonekana, na ukaenda wewe mwenyewe kumshukuru rafiki wa kaka kabla hajasikia, utakuwa umeacha jina zuri. Jina zuri si kazi, lakini linajibu simu.

Mwezi haujaisha, kwa hiyo bado una siku za kutumia. Miadi ya daktari ndiyo inayochukua muda mrefu, ipange kwanza. Mkataba uombe kwa maandishi ili jibu lije kwa maandishi. Na kama kuahirisha ndiko kunakokuvutia, barua hiyo iandike mapema, usiipeleke siku ya mwisho, kwa sababu wakikataa utahitaji siku kadhaa za kufikiri kabla ya kusema ndiyo au hapana. Mengine kati yako na kaka, niandikie tena ukitaka, hata kama hakuna kilichoamuliwa.